Uzi: Nina dola 400, nafanya kazi za tovuti na video hapa Lubumbashi, ninunue mashine ipi?

MwanaRuashi, mwanzilishi wa uzi

Wakubwa na wadogo mlio humu, nawasalimu.

Najenga tovuti kwa mwaka wa nne sasa. Naishi Ruashi, na wateja wangu wengi wako mjini: maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, shule moja ya binafsi, na mchungaji mmoja ambaye kila Jumatatu hunitumia mahubiri ya Jumapili niyakatekate, niyawekee maandishi chini na kuyapandisha kwenye ukurasa wa kanisa. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniingiza katika video, na video ndiyo iliyoishinda kompyuta yangu.

Mashine niliyo nayo niliinunua mpya, ikiwa bado na nailoni yake, kwa sababu kijana wa dukani alinihakikishia kwamba kitu kipya hakina magonjwa ya mtu mwingine. Ina prosesa ya Celeron, ile ya bei ya chini ya Intel, yenye viini viwili, yaani sehemu mbili tu za kufanya kazi kwa pamoja, kumbukumbu ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina ya eMMC, ile ya polepole ya bei ndogo, ambayo Windows ikishajipakulia masasisho yake haibakiwi na nafasi ya kutosha hata mahubiri mawili. Nikifungua kihariri cha msimbo, kivinjari chenye vichupo sita na seva ya majaribio kwa wakati mmoja, kishale huanza kutembea kama mtu anayevuka tope. Juzi nilitoa amri ya kusakinisha maktaba za mradi mdogo wa React (zana ya JavaScript ya kujengea kurasa), nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji, nikarudi, nikakuta bado inaandika vile vifaili vyake elfu kwa elfu. Umeme ukakatika kabla haijamaliza, na kwa kuwa betri nayo imechoka, nikaanza upya saa sita usiku umeme uliporudi.

Nimeweka akiba ya dola 400. Natafuta mashine itakayobeba kuandika msimbo, kuhariri video za 1080p za dakika arobaini hivi, na mara mojamoja kutengeneza mabango. Michezo sichezi, na sihitaji iwe nzuri machoni. Nahitaji ikae nami miaka minne, na ikiharibika, fundi wa hapahapa aweze kuitengeneza bila kuagiza kipuri Dubai na kungoja miezi. Mjini nimeonyeshwa za namna tatu kwa fedha hiyo: mpya zinazofanana na hii yangu, zilizotumika kutoka Ulaya, na MacBook Air moja ambayo muuzaji wake aliisifu hadi akasimama. Aliyepita njia hii anishauri.

FundiKamalondo

Mdogo wangu, meza yangu ya ufundi iko Kamalondo, na nimeona mashine za kutosha kuweza kukuambia zinakufa na nini katika mji huu. Haziuawi na uzee. Zinakufa kwa umeme unaorudi kwa kishindo, kwa vumbi jekundu la kiangazi linaloziba feni, na kwa kuchomelewa: kitu cha dola ishirini kikiharibika kwenye ubao ambao kila kitu kimechomelewa, mashine nzima inageuka kuwa sinia. Kwa hiyo mimi nikiletewa mashine yoyote, kabla ya kuuliza kasi yake, nauliza inafunguka namna gani na ndani yake kuna nini kinachotoka.

Achana na mpya za bei hiyo. Tafuta zile za ofisini zilizotumika: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au 7490, au HP EliteBook 840 G5. Zote ni za mwaka 2018. Makampuni ya Ulaya huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka kadhaa, kisha huziuza kwa jumla, nazo hutufikia sisi kwa makontena na mabegi ya wasafiri, nyingine zikipitia mpakani Kasumbalesa. Ziliundwa zikijua kwamba zitafunguliwa. Unalegeza skrubu za chini, unaondoa mfuniko, unakuta soketi mbili za kumbukumbu, diski ya SSD (ya chipu, isiyozunguka), kadi ya Wi-Fi, betri na feni, kila kimoja kikitoka peke yake.

Kwa nini nashikilia mwaka huo? Soma namba ya prosesa, usisome kibandiko. Katika i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ni kizazi. Hadi kizazi cha 7, prosesa za Intel zenye herufi U mwishoni, yaani zile za mashine nyembamba, zilikuwa na viini viwili tu, hata zile zilizoitwa i7. Kizazi cha 8 kilipoingia mwaka 2017, i5 za aina hiyo zikapewa viini vinne na nyuzi nane, yaani njia nane za kazi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana i5-8250U huiacha nyuma i7-7500U unapotoa video iliyokwisha kuhaririwa, na muuzaji anayekuongezea dola 50 kwa sababu ya herufi i7 anakuuzia wino.

Sababu nyingine ni Windows. Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiondoa prosesa chache za nyuma zilizosamehewa, inapokea za Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha 6 au cha 7 si takataka. Ukiiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, itakutumikia miaka. Lakini bei yake ishuke ionekane kwamba imeshuka.

Kumbukumbu iwe gigabaiti 16, na hapo sibishani na mtu. Ukitumia Docker (zana ya kuendeshea programu katika makasha yake) ndani ya Windows kupitia WSL 2, sehemu ya Windows inayoendesha Linux, ile Linux inayofunguliwa ndani huruhusiwa kwa kawaida kujichukulia hadi nusu ya kumbukumbu yote. Katika gigabaiti 8 unabaki na 4 za Windows, kivinjari na kihariri, na hapo ndipo tope lako linapoanza. Ukikuta mashine nzuri yenye kipande kimoja cha 8, inunue, kisha uongeze cha pili. Vipande viwili hufungua njia mbili za kusomea kumbukumbu kwa pamoja, jambo linaloisaidia sana grafiki iliyo ndani ya prosesa, kwa kuwa yenyewe haina kumbukumbu yake na huazima ya mashine. Jihadhari tu na ndugu wanaofanana majina: T480s ina sehemu ya kumbukumbu iliyochomelewa na soketi moja, na T490 vilevile. Si mbaya, ila uliza iliyochomelewa ni ya ngapi kabla hujatoa fedha.

Kioo wengi hawakiulizi, kisha wanakuja kwangu kuuliza kama kinabadilishwa. Mashine hizi ziliuzwa na vioo vya aina mbalimbali, na kwenye meza ya dukani zote zinafanana. Kataa 1366 kwa 768. Ukifungua zana za kukagua ukurasa kando ya kivinjari kwenye kioo hicho, ukurasa wenyewe unabaki na upana wa simu. Taka 1920 kwa 1080 ya aina ya IPS, na uipime hivi: inamisha kioo nyuma, kisha simama kidogo uangalie kutoka juu. Rangi zikigeuka kama negativu ya picha ya zamani, hicho ni kioo cha TN.

Na zile dola 400 usizimalize. Tafuta mashine isiyozidi 300, zinazobaki zina kazi yake.

KijanaWaGolf

Kwa heshima zote, yaya (kaka mkubwa) Fundi, mimi ninapingana nawe kidogo. Mashine iliyotumika haina dhamana, na mtu mwenye dola 400 pekee ndiye anayehitaji dhamana kuliko wote. Mpya ina mwaka mzima. Ikizima kesho, unairudisha.

FundiKamalondo

Mdogo wangu, umesema neno la haki, lakini soma karatasi ya dhamana hadi chini. Mara nyingi dhamana ni ya nchi ilikouzwa kwanza, na ya hapa ni neno la muuzaji, ambalo lina uzito wa muuzaji mwenyewe. Mimi humshauri mteja aombe risiti yenye namba ya mashine na wiki mbili za kujaribu zilizoandikwa kwa kalamu. Ubao wenye hitilafu hujitaja ndani ya siku chache ukiubebesha kazi nzito. Wauzaji waaminifu hukubali, asiyekubali amekujibu.

Tena, kile kipya cha bei hiyo hata kikiwa kizima, ndicho hicho alichonacho mwenye uzi. Dhamana haiongezi kiini cha tatu.

DadaWaNguba

Natoka Bukavu, na kazi yangu ni video za harusi na za mashirika, kwa hiyo mambo ya tovuti nawaachia wenye nayo. Ndugu mwenye uzi, kabla ya kuuliza prosesa, piga hesabu ya nafasi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inajaza megabaiti 6.25 kila sekunde, ambayo ni gigabaiti 22.5 kwa saa. Harusi ya kamera mbili kwa saa nne ni gigabaiti 180, na hapo bado hujaweka nakala ya pili. Mahubiri yako ya dakika arobaini kwa kamera kama hiyo ni gigabaiti 15 kila wiki. Basi SSD ya ndani ya gigabaiti 256 iwe ya mfumo, programu na kazi unayoihariri sasa, na diski ya nje ya terabaiti 1 iwe ghala. Diski ya nje ya kuzunguka inatosha kwa ghala. Kwa kuhariria haitoshi, kwa sababu husoma megabaiti mia na kidogo kwa sekunde wakati SSD ya SATA hufika 500 na zaidi, na unaporukaruka kati ya vipande vya video ndipo ile ya kuzunguka inapokwama kabisa.

Kuhusu kuhariri kwenye mashine alizozitaja Fundi: inawezekana, nimefanya hivyo miaka mitatu, lakini si kwa kiburi. Unatumia proksi, yaani programu inatengeneza nakala nyepesi za video zako, unakata na kupanga kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu inarudi kwenye zile halisi. Kdenlive na Shotcut, ambazo zote ni za bure, zinafanya hivyo vizuri. DaVinci Resolve ni nzuri kuliko zote mbili, lakini inataka kadi ya grafiki yenye nguvu zake, na kwenye grafiki ya ndani ya prosesa za 2018 itakuchosha moyo. Na ukihamia Linux, ujue kwamba toleo la bure la Resolve huko halifungui video za H.264, ambazo ndizo zinazotoka kwenye simu na kamera zetu nyingi. Mimi niligundua hilo saa tatu usiku, bi harusi akisubiri kionjo chake asubuhi.

Kama ungekuwa mtu wa video peke yake, ningekuambia utafute zile za kazi nzito, kwa mfano HP ZBook 15 G5 yenye prosesa ya viini sita, kadi yake ya grafiki na soketi nne za kumbukumbu. Lakini ni nzito begani, na chaja yake ni ya wati 150 au zaidi. Ukitegemea betri ya sola ya nyumbani, hiyo itaimaliza kabla ya taarifa ya habari.

Sasa hiyo MacBook Air. Kama ni ya chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, nitasema ukweli ambao Fundi hataufurahia: kwa kuhariri video inazishinda kwa mbali hizo zote za 2018, haina feni ya kuziba vumbi, na betri yake inavuka siku ya kazi. Niliazima ya rafiki yangu kwa wiki mbili na nikairudisha kwa shingo upande. Kinachonizuia kuinunua ni kwamba kumbukumbu na hifadhi vyote vimechomelewa. Ukinunua ya gigabaiti 8 utazeeka na 8, na ubao ukifa, harusi za watu zilizomo zinakufa nao. Kisha kuna kufuli la akaunti. Mwenye mashine wa kwanza asipoiondoa kwenye akaunti yake ya Apple, siku utakapoifuta ianze upya itakudai nenosiri la mtu usiyemjua. Kama muuzaji hakuruhusu uifute mbele yake ukiwa na intaneti, mshukuru kwa maji ya kunywa uondoke.

FundiKamalondo

Dada, nimeufurahia. Sina ugomvi na M1 ikiwa nzima. Mimi huletewa ikiwa imemwagikiwa chai.

MwanaRuashi

Asanteni sana. Nimechukua Jumamosi mbili kuzunguka, na ninarudi na ripoti, kwa sababu nadhani itamfaa mwingine.

Duka la kwanza lilikuwa na mashine yenye kibandiko kikubwa cha i7, dola 340. Niliomba kuiwasha nikiingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, badala ya Windows, kama alivyonifundisha mtu mmoja, kwa sababu kinachoandikwa ndani ya Windows kinaweza kuchezewa. Ilikuwa i7-7500U, viini viwili, ile ile aliyoitaja yaya Fundi kana kwamba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomwonyesha muuzaji alisema kwamba namba ni mambo ya mafundi, mteja huangalia jina. Hatukugombana.

Duka la pili lilinipa EliteBook 840 G5 safi kabisa, dola 280, kibodi kama haijaguswa. Nilikuwa karibu kulipa. Kisha nikakumbuka ushauri wa Dada wa Nguba kuhusu kufuta, nikafikiri kwamba huenda si wa Apple peke yake. Nikaomba turudishe Windows mwanzo huku imeunganishwa na intaneti ya simu yangu. Ilichukua karibu saa nzima, nikinunua soda mbili kulipia uvumilivu wa watu. Ilipoamka ikaandika jina la kampuni moja ya Ulaya, ikanikaribisha kazini na kuniomba barua pepe ya ofisi. Muuzaji akasema kuna njia ya kupita kwa kuiwasha bila intaneti, na najua ipo, lakini mashine hiyo bado imeandikwa kwenye daftari la wenyewe, na kila nitakapoifuta nitakuwa nabisha hodi kwenye mlango wao.

La tatu halikuwa duka hasa, ni meza ya mzee mmoja ndani ya jengo lenye wauza simu. Alikuwa na T480 mbili. Moja niliiacha kwa sababu bawaba ya kushoto ilikuwa na ufa. Nyingine tulikaa nayo kwa saa mbili, na mzee mwenyewe akachukua bisibisi akaifungua mbele yangu bila kuombwa mara mbili. Skrubu moja ilikuwa imeliwa kichwa, ishara kwamba kuna aliyeingia humo kabla yetu. Feni ilikuwa na vumbi lililogandamana kwenye mapezi ya kupozea kama kipande cha blanketi la kijivu. La Ulaya, si letu, maana letu lingekuwa jekundu. Kumbukumbu ilikuwa kipande kimoja cha gigabaiti 8, soketi ya pili tupu. Kioo 1920 kwa 1080, rangi hazikugeuka nilipoinamisha, ila chini kulia kuna doa jeupe dogo kama ukucha wa mtoto, linaloonekana kwenye ukurasa mweusi peke yake.

Kisha betri. Kwenye Windows kuna amri ya powercfg, unaiongezea /batteryreport, inakuandikia ukurasa wenye namba mbili: uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo inaofikia leo ikijaa. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje. Ya ndani ilitoka na wati-saa 24, imebaki na 17. Ya nje, nayo ya 24, imebaki na 9. Mzee alikuwa akisema betri ni saa tano. Nilimgeuzia kioo asome. Akacheka, akavua miwani, akashusha kutoka 290 hadi 260. Niliichomeka flashi kwenye kila tundu la USB, nikaijaribu chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C huku nikiutikisa waya kidogo, nikapiga simu ya video kupima kamera na maikrofoni, nikacheza video ya 1080p dakika ishirini nikiwa nimeweka kiganja juu ya kibodi. Ilipata joto, haikuungua. Risiti ina namba ya mashine na siku kumi na nne.

Jana nilirudia ule mradi wa React. Nilisimama kuchukua ndoo, nikageuka kuangalia kioo, ilikuwa imemaliza. Mahubiri ya dakika 42 yenye maandishi chini yalitoka kwa dakika 31 katika Shotcut. Kwenye ile ya zamani nilikuwa naiacha usiku kucha na kumwomba Mungu aushike umeme.

KijanaWaGolf

Hongera, na nakubali kushindwa. Nauliza moja: kibodi ni ya namna gani? Mimi nilinunua ya Dubai yenye QWERTY, na kila nikiandika barua ya Kifaransa natafuta é kama mtu aliyepoteza ufunguo.

MwanaRuashi

Ni AZERTY, lakini ya Ubelgiji, si ya Ufaransa, na sikulijua hilo hadi nilipoanza kuandika. Herufi ziko palepale. Tofauti iko kwenye alama, na kwa mtu wa msimbo alama ndizo kazi. Mabano ya mawimbi, ambayo katika JavaScript na CSS huandikwa kila baada ya mistari miwili, kwenye ya Ufaransa ni AltGr pamoja na 4 kwa la kufungua, na AltGr pamoja na alama ya usawa kwa la kufunga. Kwenye ya Ubelgiji ni AltGr na 9, kisha AltGr na 0, yaani yanakaa jirani. Kwa siku mbili vidole vilikosea, sasa naona ya Ubelgiji ni ya akili zaidi. Kinachotakiwa ni kwamba mpangilio uliochaguliwa ndani ya Windows ufanane na uliochapishwa kwenye vibonye. Kwa QWERTY yako, chagua mpangilio wa Marekani wa kimataifa: unabonyeza alama ya mkato wa juu, kisha e, na é inatoka.

DadaWaNguba

Na umeme je, ndugu? Hizo betri zako mbili kwa pamoja ni wati-saa 26. Ukiandika tu utapata saa mbili na kitu. Ukitoa video hata saa moja hufiki.

FundiKamalondo

Dada ameniwahi. Mdogo wangu, una dola 140 mkononi, zigawe hivi. Kwanza kipande cha kumbukumbu cha gigabaiti 8, DDR4 ya mashine ndogo. T480 huenda kwa kasi ya 2400. Ukipata cha 2666 kitashuka chenyewe kifanane, hakina neno. Kisha diski ya nje aliyokuambia Dada. Betri ya nje ya T480 iko ya wati-saa 24, ya 48 na ya 72. Ya 72 inachungulia chini kama mguu na kuiinua mashine nyuma, lakini hakuna aliyeinunua akajuta. Nyingi zinazouzwa si za Lenovo, kwa hiyo iendeshee ile amri yako ya ripoti palepale kwenye meza. Na kwa kuwa ile ya ndani inabaki ikifanya kazi, ya nje unaibadilisha bila kuzima mashine, kama mtu anayebadilisha mzigo begani.

Kama nyumbani una betri ya sola ya volti 12, usipitishe mashine hii kwenye inveta. Inveta inapandisha 12 hadi 220, kisha chaja inashusha tena hadi 20, na kila mgeuko unakula kidogo. Nunua chaja ya gari ya USB-C ya wati 65, uiunganishe na betri moja kwa moja kupitia fyuzi. Mashine ya namna hii ikiandika msimbo hula wati 8 hadi 15, kwa hiyo betri ndogo inakuvusha delestaji (mgao wa umeme) ya jioni nzima. Na umeme wa mjini ukikatika, chomoa chaja ukutani. Usisubiri urudi. Ukisharudi ukakaa dakika tano bila taa kupepesa, ndipo uchomeke. Kuanzia Novemba, mvua za radi zikianza, chomoa hata kama umeme upo.

Lete mashine Jumamosi nisafishe feni na kubadilisha dawa ya kupozea prosesa, ndipo tuweke hicho kipande cha kumbukumbu. Ile skrubu iliyoliwa kichwa usiiguse; nina bisibisi yake.

MwanaRuashi

Nitafika kabla ya saa nne, yaya. Mchungaji amesema wiki hii kuna mahubiri mawili.